Mhariri, mwendelezo uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Salaam aleikum na poleni na kazi. Mi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kipo Ngamiani hapa Tanga chini ya mwarobaini, na barua hii naiandika kwa simu kwa hiyo mkikuta herufi zimerukana mnisamehe, vidole vyangu vimezoea spana kuliko hivi vidude vya kugusagusa. Sijaja na malalamiko ya barabara wala maji. Nimekuja na jambo la watoto na hadithi za kusoma likizo, tena si wale wadogo wala si wale walioanza kuota ndevu, naongelea hawa wa katikati, miaka kumi mpaka kumi na tatu, darasa la nne mpaka la saba, wale ambao ukiwaita watoto wananuna na ukiwaita vijana wanachekana.

Shule zikifungwa Desemba hawa ndo wateja wangu wakubwa. Joto la Tanga mwezi wa kumi na mbili mnalijua, kaskazi imeanza, embe zimejaa kila kona, mtoto hana shule mpaka Januari na baiskeli ya baba ipo uani, basi ataiendesha mpaka itoboke. Na wale wa darasa la saba ndo usiseme, wanamaliza mtihani wa taifa Septemba alafu wapo tu nyumbani mpaka Januari wakisubiri kidato cha kwanza, miezi mitatu na ushee, mtoto mzima hana daftari wala kengele. Hapa kwetu baiskeli ni ya kila mtu, mama na kanga yake anaendesha, mwalimu anaendesha, muuza samaki na tenga lake nyuma, mabinti wa shule na sare zao, kwa hiyo pancha hazikauki na benchi langu halikosi mtoto aliyekaa ananing'iniza miguu akisubiri.

Sasa mwaka juzi, wiki ya kwanza ya likizo, miwani yangu ya kusomea ilinidondoka nikiwa nimeinama nakaza spoki, na kulikuwa na guta linarudi nyuma, likapita juu yake, krak, kwisha habari. Mi bila miwani mbali naona vizuri tu, namwona anayenidai akiwa bado anakata kona, lakini gazeti linakuwa ukungu mtupu. Na gazeti ndo kifungua kinywa changu, kahawa chungu, kashata na gazeti, hata kama ni la jana silikatai, muuza kahawa wa jirani huwa ananiachia akishalimaliza. Siku hiyo akaja mtoto mmoja wa darasa la tano, tairi la nyuma limelala, nikamwambia we kaa hapo kwenye benchi unisomee huku nafanya kazi, ukinisomea vizuri pancha bure. Sikuwa na habari kama naanzisha kitu. Mi nilikuwa nataka matokeo ya Coastal Union basi.

Akaanza kusoma. Mhariri, yule mtoto alisoma kama mtu anayevuka barabara kuu, neno moja, anasimama, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, neno jingine. Mkato haujui, nukta anairuka, sauti ni ileile moja kuanzia juu mpaka chini kama anayekariri jedwali la kuzidisha. Na huyu si mbumbumbu, nawajua wazazi wake, darasani yumo kumi bora. Nikavumilia, nikatoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye beseni, mapovu yakatoka, nikaweka alama, nikakwangua na msasa. Wakati napaka solusheni yeye akawa ameshamaliza mpira, amefungua ukurasa wa ndani na kukuta hadithi.

Mnazijua hadithi za magazeti ya wikiendi. Mwanamke amepanda basi la usiku, siti ya dirishani, pembeni yake kakaa mwanamume kavaa kofia hataki kuivua, na kila basi likisimama yule mwanamume anashuka na kurudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Basi ghafla mtoto akaanza kusoma. Namaanisha kusoma kwelikweli, sauti inapanda, inashuka, akifika penye alama ya kuuliza anauliza, maneno yaliyokuwa yanamshinda dakika tano nyuma sasa hivi anayaruka kama mtaro. Solusheni ilikuwa imeshakauka zamani na mimi nimekaa na kiraka mkononi nasikiliza. Alafu wale watu wakafika mjini, wakaingia gesti, mlango ukafungwa kwa ndani, yule mwanamke akaanza kufungua vifungo, nikashtuka, weee lete hapa hilo gazeti! Nikamnyang'anya mkono umejaa gundi, karatasi ikaninasa vidoleni, mtoto ananiangalia tu. Unajua alichoniuliza? Hakuniuliza habari za vifungo. Aliuliza, "Babu, huyo mwenye kofia ni nani?"

Kesho yake saa mbili asubuhi yupo kwenye benchi, baiskeli hana, kaja kwa miguu. "Shikamoo babu." Marahaba. "Gazeti la leo limekuja?"

Ndo maana nikisikia watu wanasema watoto wa saivi hawapendi kusoma huwa nawaangalia tu. Mtoto katoka kwao na jua lile, kwa miguu, kutafuta mwendelezo wa hadithi ambayo haikuandikwa kwa ajili yake, ambayo hata mimi mzee nimeona aibu kuisikiliza kwa sauti. Kusoma anataka. Kinachomfaa kusoma ndo hakuna, au kipo na hakijafika barabara yetu. Fungueni magazeti yenyewe mtazame, likiwamo la kwenu, msikasirike, hadithi za kuendelea zote ni za wakubwa, michepuko na waganga na matajiri waliouana, na ukurasa wa watoto ukiwepo basi ni paka rangi picha hii, tafuta tofauti tano, kitendawili. Vya miaka sita hivyo. Mtoto wa miaka kumi na moja ukimpa picha ya bata apake rangi anaona umemtukana.

Nikaamua kutafuta vitabu. Nina boksi la biskuti pale kibandani, lilikuwa la kuwekea mipira ya breki, nikalisafisha, nikaanza kununua kimojakimoja kwa wauza vitabu vya mitumba, na vingine nikaomba kwa majirani ambao watoto wao wameshakua. Baada ya wiki mbili nikawa najua ugonjwa uko wapi. Vile vyembamba vya picha kubwa wanavisukuma pembeni, "hiki cha chekechea babu". Riwaya nene za sekondari wanazipima uzito kwa mkono alafu wanazirudisha taratibu. Na kuna aina ya tatu, hii ndo inaniudhi, hadithi imeanza vizuri, mtoto amekolea, akageuza ukurasa wa mwisho akakuta MASWALI YA UFAHAMU, moja mpaka kumi. Nimeona kwa macho yangu mtoto akifunga kitabu kama vile kaona nyoka. Kwake hadithi imegeuka mtihani, na yeye yuko likizo! Siku hizi kila kitabu kikiingia kibandani kwangu kwanza naangalia nyuma, maswali nikiyakuta nayabandika na karatasi ya kaki, gundi ninayo nyingi.

Sisemi kwamba watu hawajaandika. Kuna Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza tangu 1991, umesaidia kutoa vitabu vya Kiswahili na nimevipata viwili vitatu kwenye boksi langu, vizuri sana, kimoja kimesomwa mpaka jalada limetoka nikalishona na uzi wa viatu. Na sitaki kuanza hapa kumtaja Shaaban Robert, maana kila anayeongea habari za vitabu Tanga lazima aseme mzee alizaliwa Vibambani 1909, kana kwamba hiyo inatosha kumfanya mtoto wa Makorora afungue kitabu.

Binti yangu wa mwisho anasomea ualimu, alikuja likizo akakuta baba yake kazungukwa na watoto wanasoma, akacheka mpaka akakaa chini. Yeye ndo akaniambia kwamba mambo ninayoyaona yana jina. Kuna mama mmoja alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, Jeanne Chall, aliandika kwamba miaka ya mwanzo mtoto anajifunza kusoma, alafu kuanzia kama darasa la nne inageuka, sasa anatakiwa asome ndo ajifunze, na hapohapo ndo watoto wa familia za kipato kidogo wanaanza kuachwa, kwa sababu maneno ya kwenye vitabu si yale anayoyasikia nyumbani. Nikamwambia binti yangu, huyo mama alikaa Ngamiani lini? Maana sisi kwetu darasa la kwanza na la pili ni KKK, kusoma kuandika kuhesabu, kila mtu anashangilia mtoto amejua kusoma, wazazi tunapiga picha, alafu basi. Akishajua tunamwacha. Ni kama kumfundisha mtoto kuendesha baiskeli, siku ameacha kuanguka tu unaichukua baiskeli unaifungia ndani.

Akanieleza na jingine. Kwenye jimbo la Florida watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen na wenzao waliwapa watoto wa shule za kimaskini vitabu 12 kila mmoja likizo zao za kiangazi zinapoanza, miaka mitatu mfululizo, matokeo wakayatoa 2010. Wale watoto walifanya vizuri zaidi kwenye kusoma kuliko wenzao ambao hawakupewa. Mi hilo halikunishangaza. Kilichonishika ni kwamba vitabu walijichagulia wenyewe. Hawakupangiwa. Sisi hapa hata rangi ya sweta tunawachagulia, na kitabu tunataka kiwe cha somo, cha dini au cha mtu aliyefanikiwa, mtoto akichagua katuni tunasema anapoteza muda. Mi kwenye boksi langu sheria ni moja, chukua unachotaka, kikikushinda rudisha chukua kingine, hamna anayeulizwa kwa nini hakumaliza. Kuna kijana wa darasa la sita alirudisha vitabu saba mfululizo kila kimoja kurasa tatu, nikakaa kimya ingawa roho ilikuwa inaniuma, cha nane ni habari za mbwa aliyepotea, akakaa nacho siku nne na alipokirudisha kilikuwa kinanuka samaki, akaniambia alikuwa anakisomea pwani akimsubiri baba yake arudi na ngalawa.

Kuhusu mazoea yenyewe. Wazazi wananiuliza, fundi, unawafanyaje mpaka wanakaa? Siwafanyi kitu. Nimeiga chuo cha Kurani. Hawa watoto wengi wanaenda madrasa, na pale mtoto hakai na juzuu kwa sababu kila siku ana hamu, wapi, siku nyingine anasinzia, lakini saa ni ileile, jamvi ni lilelile, wenzake wapo, na akikosa anaulizwa ulikuwa wapi. Baada ya muda mguu unakwenda wenyewe. Basi na mimi nikaweka saa. Saa kumi jioni jua likipungua, baada ya alasiri, boksi linafunguliwa, saa kumi na moja linafungwa, anayekuja anakuja. Saa hiyo niliiweka kwa sababu ya mabinti. Mwanzoni nilikuwa nafungua asubuhi nikaona wanaokuja ni wavulana watupu, nikadhani mabinti hawapendi, kumbe asubuhi binti wa miaka kumi na mbili ana vyombo vya kuosha, ana maji, ana mdogo wake wa kumwogesha, ana vitumbua vya mama vya kupeleka gengeni. Likizo kwa mvulana ni likizo, kwa binti ni zamu ya pili. Nilivyohamisha saa tu wakaja sita siku moja.

Na kanuni nyingine ilijileta yenyewe, ukurasa mmoja kwa kiraka kimoja. Solusheni ukishaipaka lazima uiache ikauke kidogo kabla ya kubandika, ukiharakisha kiraka kinabanduka mteja anarudi na matusi. Huo muda wa kukauka mwenye baiskeli anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, kiraka kikishika anasimama hapohapo hata kama yuko katikati ya sentensi. Wanapiga kelele! Wanasema babu ongeza, nasema leteni pancha nyingine. Basi kuna mmoja akaja na pancha mara tatu kwa wiki moja, tairi lilelile. Mara ya tatu nikapitisha kidole ndani ya tairi kutafuta mwiba, nikatoa pini ya kubania karatasi, mpya, inang'aa. Nikamwangalia, akaangalia juu ya mwarobaini kama vile anahesabu majani. Sikumtoza, ila nilimwambia tyubu ya baba yake haina kosa, siku nyingine aje tu.

Kuna shule moja hapa mjini, jina silitaji, nilienda kumwomba mwalimu anisaidie hata vitabu vitano vya likizo maana nilikuwa najua wana kabati zima. Kabati kweli lipo, ofisini, limejaa, na limefungwa kufuli kubwa kuliko la baiskeli. Akanieleza kwa adabu tu kwamba vitabu vikitoka vinapotea, vinachanika, na siku ya ukaguzi yeye ndo ataulizwa. Namwelewa, kwa kweli namwelewa, mtu hawezi kukatwa mshahara kwa ajili ya hadithi. Lakini nilichungulia kwenye kioo, migongo ya vile vitabu imenyooka kama siku vilipotoka kiwandani. Kama kuna wakubwa wanasoma barua hii, hebu andikeni waraka mmoja tu kwamba kitabu cha hadithi kikichakaa kwa kusomwa mwalimu hana deni.

Maktaba ya mkoa tunayo na tulienda. Jengo lile zuri la miaka ya 1950 mjini, enzi hizo likiitwa kwa jina la mfalme George wa Sita wa Waingereza. Nilipanga msafara wa baiskeli tano, watoto wanane, wawili wawili kwenye keria. Walivyoingia wakanyamaza ghafla, wakawa wananong'ona kama wako msibani, mmoja akanivuta shati kuniuliza kama inaruhusiwa kukohoa. Tulikaa saa moja na nusu. Waliporudi wakawa wanawasimulia wenzao kama watu waliotoka safari ya ng'ambo. Ila maktaba ipo mjini, mtoto wa Mikanjuni au Duga hawezi kwenda kila siku, mama yake hamruhusu kukatiza barabara zile peke yake, na mimi siwezi kufunga kibanda kila Jumanne. Gazeti ndo linafika kila mtaa. Hata asiyelinunua linamfikia, likiwa limefungia bagia.

Ndo nakuja kwenye ombi langu sasa, Mhariri. Tunaomba hadithi ya kuendelea ya watoto hawa, likizo yote ya Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari, na kwa ajili ya darasa la saba ikiwezekana ianze mapema, Oktoba. Nusu ukurasa unatosha, mara tatu kwa wiki. Siyo kila siku maana gazeti kwangu ni hela ya pancha mbili na wengine hawana hata hiyo ya moja. Herufi msizibane sana. Msiweke maswali chini, nawaomba kwa jina la Mola. Na msiweke "hadithi hii inatufundisha nini", mtoto wa miaka kumi na mbili ana mama, ana mwalimu, ana ustadhi, ana babu fundi, kufundishwa anafundishwa asubuhi mpaka usiku.

Watu wa kwenye hadithi wawe na umri wao, wakosee, wapotee njia, wadanganye na wabainike. Wawe watoto wa mahali tunapopajua. Kwa nini mtoto wa hadithi lazima aishi kijijini kwenye mti mkubwa na sungura, aishi Chumbageni bana, abebwe kwenye keria, akate tiketi ya mpira uwanja wa Mkwakwani, aingie Mapango ya Amboni na tochi ikazimika. Maneno magumu yaacheni, msiwalainishie kila kitu, mtoto akiwa na hamu ya kujua nani kaiba boti atalipita neno "hamaki" na kulielewa mbele ya safari. Na mkate penye utamu. Hii ndo siri yote. Penye utamu, mlango unagongwa, itaendelea Jumatano.

Mtasema kuna gharama, mwandishi atalipwa nini, na tangazo la nusu ukurasa lina hela. Sawa. Lakini nyie ndo mnalia kila siku kwamba magazeti hayauziki, vijana wako kwenye simu. Hao vijana walizoezwa na nani kushika gazeti? Mimi nilizoezwa na marehemu baba kwa kunituma gazeti dukani na kunipa senti za kashata, nikawa nasoma njiani mpaka najikwaa. Na kama mnadhani Tanga ni mbali na mambo ya magazeti, kumbukeni mwanzoni mwa miaka ya 1900 gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilikuwa linachapwa hapahapa, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Shuleni, Mhariri. Watoto na gazeti kwetu si jambo geni, tumesahau tu.

Wazazi nao nina neno dogo nao alafu nimalize maana simu inaniambia chaji imebaki kidogo. Tuisheni ya likizo sikatai, na najua darasa la saba mnawapeleka kozi za Kiingereza kwa sababu kidato cha kwanza wanakutana nacho, ni sawa. Ila mtoto ambaye hawezi kuufuata ukurasa mmoja wa Kiswahili mpaka mwisho bila kuchungulia dirishani, hicho Kiingereza atakifuata na nini? Mpeni saa moja ambayo haidaiwi alama. Na msimwite wakati amefika penye utamu, chumvi kanunueni wenyewe siku moja.

Miwani yangu ilishatengenezwa siku nyingi, kama mnavyoona naandika. Watoto hawajui. Nikiwaona wanakuja naivua naiweka kwenye mfuko wa ovaroli, nasema ebu nisomeeni hapa, babu haoni.

Jambo la mwisho. Ile hadithi ya basi la usiku, gazeti halikuwa na ukurasa wa mbele, kwa hiyo sijui kama lilikuwa la kwenu au la wenzenu. Mwendelezo sikuupata, na hata ningeupata nisingewapa. Lakini yule mtoto wa kwanza aliwasimulia wenzake mpaka pale penye gesti, na binti mmoja wa darasa la sita anayekuja kutoka Mabawa na mdogo wake kwenye keria akaamua kuimalizia mwenyewe kwenye daftari la hesabu. Kwake hamna gesti, basi limeharibika Segera na abiria wote wameshuka gizani. Mwenye kofia kwanza alikuwa mwizi wa vinyago, wenzake wakakataa, akawa askari kanzu, wakakataa tena, saivi ni mvuvi anayemtafuta ndugu yake. Amefika sura ya tisa na wananidai mimi jibu la kweli. Likizo mbili wananiuliza, na mimi nimeshawadanganya mara tatu, kila mara uongo tofauti, na wanazikumbuka zote. Kwa hiyo kama mwandishi wa ile hadithi mnamfahamu, au yupo hapo ofisini kwenu, mwulizeni yule mwanamume mwenye kofia alikuwa nani, na kwenye yale magazeti alikuwa anafunga nini.

Wenu,
Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga